Majitaka Yapelekwa Wapi?

Sikukuu ya Madaraka ya mwaka 2025 iliadhimishwa mjini Homa Bay, na mada ya mwaka huo ilikuwa uchumi wa majini. Panapotajwa mada kama hiyo, fikira za wengi humwendea samaki, mashua na mtalii. Ni nadra fikira hizo kuliendea bomba la majitaka. Hata hivyo, hatima ya samaki huyo imefungamana na bomba hilo.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na uhandisi nawaachia wahandisi. Lakini lipo neno katika mijadala ya usafi wa miji yetu ambalo lanipa haki ya kusema. Tunaandika "uondoaji wa majitaka". Kitenzi "ondoa" kina tabia ya kustaajabisha: hutaja kitu na mahali kilipotoka, kisha kikanyamaza. Kitenzi "peleka", kwa upande wake, humdai msemaji ataje mwisho wa safari. Laiti nyaraka zetu zingelazimika kuandika "upelekaji wa majitaka", kila mpango wa kupanua mitambo ungeanza na swali la haki: yapelekwa wapi, nayo yafika huko yakiwa katika hali gani?

Kwa Homa Bay na Migori, jibu ni fupi. Mji wa Homa Bay huteka maji katika Ghuba ya Winam, na majitaka yake huishia katika ghuba hiyo hiyo. Mji wa Migori hutegemea Mto Migori, ambao huungana na Mto Kuja na kumwaga maji yake ziwani huko Nyatike. Wahenga walinena, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tunachokiondoa jikoni na msalani hurejea mtunguni.

Ghuba yenyewe si pana wala si ya kina kirefu, na maji yake hubadilishana na ya ziwa kuu kwa mwendo wa kinyonga kupitia mlango wa Rusinga. Tuta la Mbita lililojengwa miaka ya 1980 lilizidi kuyabana, hadi daraja lilipojengwa baadaye kuyapa njia. Naitrojeni na fosforasi zinazoletwa na majitaka, pamoja na mbolea na udongo wa mashambani, hulilisha gugumaji. Fauka ya hayo, kuna maradhi. Kipindupindu kilichozuka nchini mwishoni mwa mwaka 2014 kilizikumba kaunti za Migori na Homa Bay mapema mwaka 2015, na mwaka 2025 Migori ikatajwa tena.

Mtambo wa majitaka huzeekaje? Chukua mfano wa mabwawa, ambayo hutumika katika miji mingi nchini. Majitaka hupita kutoka bwawa moja hadi jingine. Uchafu mzito hutuama, bakteria huozesha sehemu iliyosalia, na jua huviua vijidudu vya maradhi. Kazi yote hiyo yahitaji muda. Tope likirundikana chini bila kuzolewa, nafasi hupungua, na maji hupita upesi kabla hayajasafika. Kwa macho, mtambo ungalipo. Kwa kweli, umegeuka mfereji. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka oksijeni inayohitajiwa na viumbe kuozesha uchafu uliosalia isizidi miligramu 30 kwa kila lita ya maji yanayoachiliwa. Mtambo uliojaa tope hauwezi kuitimiza sharti hiyo, hata ukipakwa rangi mpya.

Huenda msomaji akauliza: ya nini kugharimia mabwawa ilhali kuna mitaa isiyo na maji ya bomba? Swali hili lina uzito. Lakini wahandisi hukadiria kuwa takriban asilimia 80 ya maji yanayofika nyumbani hugeuka majitaka. Kuongeza maji bila kuongeza uwezo wa kuyasafisha ni kuongeza uchafu. Majirani zetu wa Kampala walilijua hilo kwa gharama kubwa. Maji yanayopita mfereji wa Nakivubo huingia katika ghuba ya Murchison, ambamo mitambo ya Ggaba huteka maji ya jiji. Ghuba ilipochafuka, kuyasafisha maji ya kunywa kukawa kazi ngumu zaidi. Hatimaye ilibidi kujengwa mtambo mpya wa Bugolobi wenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku.

Kwetu, miradi haijakosekana. Homa Bay ilikuwa katika awamu ya kwanza ya Mpango wa Maji na Usafi wa Ziwa Viktoria, pamoja na Kisii na Bondo. Isebania, iliyo katika kaunti ya Migori, ikaingia awamu ya pili. Tatizo ni siku inayofuata uzinduzi. Mkopo hujenga ukuta, lakini mshahara wa fundi, umeme wa pampu na uzoaji wa tope hutegemea bajeti ya kila mwaka na ada za wateja. Wateja nao ni wachache, maana wakazi wengi hutumia vyoo vya shimo. Kwa hiyo upanuzi unaohesabu nyumba zilizounganishwa pekee huwaacha nje walio wengi. Yafaa kila mtambo uwe na mahali pa kupokea shehena za malori ya kunyonya vyoo, la sivyo shehena hizo zitamwagwa mtoni usiku.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya viwango vya usafi vinavyofaa, na Jedwali la Nne lazikabidhi kaunti huduma za maji na usafi. Maadamu jukumu lina mwenyewe, na tulidai matokeo: vipimo vya maji yanayotoka mtamboni vibandikwe kila mwezi katika ofisi za wadi, kwa lugha ambayo mvuvi na mwanafunzi wataielewa. Kaunti hizi zina Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Wanafunzi wa sayansi waweza kuyapima maji hayo, na wale wa Kiswahili waweza kuyaeleza matokeo.

Walimu wenzangu, bajeti za kaunti zinapoletwa mbele ya umma, viti vyetu mara nyingi huwa vitupu. Tuhudhurie. Tukisomewa kiasi cha fedha za "kuondoa" majitaka, tuulize yatapelekwa wapi, na katika bajeti hiyo ni shilingi ngapi zilizotengewa kuzoa tope.