Deni kuukuu la benki na simu za vitisho kutoka Nairobi

SIMU huingia asubuhi, mara nyingi kwa nambari isiyojulikana. Anayepiga hujitambulisha kuwa afisa wa kampuni ya kukusanya madeni jijini Nairobi. Humtaja mwenye simu kwa majina yake yote matatu na nambari ya kitambulisho, kisha humweleza kwamba mkopo aliochukua katika tawi la benki mjini Kitale miaka kumi na minne iliyopita haujalipwa. Kiasi anachotajiwa huwa kimevimba mara nne au tano. Hupewa hadi Ijumaa.

Kwa mkazi wa Matisi, wadi ya eneobunge la Saboti iliyo ukingoni mwa mji wa Kitale, simu ya namna hii huja na fedheha. Mtaa ni wa watu wanaofahamiana: mwalimu mstaafu, mama muuza mahindi, mwenye bodaboda, mkulima mwenye ekari mbili. Wakala anajua hivyo, na ndiyo sababu baadhi yao hutaja jina la chifu au la mwajiri katika mazungumzo ya kwanza tu.

Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa, na mwandishi wa makala haya hana nia ya kuwafunza wasomaji kukwepa walichokopa. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo wakala hulipita kimya na mdaiwa, kwa woga, husahau kuliuliza. Nalo ni umri wa deni.

Madeni haya yana historia. Serikali ilipolegeza udhibiti wa riba mnamo 1991, wengi hawakutarajia yaliyofuata. Katika mwaka wa 1993 riba ya hati za hazina ilipita asilimia 70, na riba ya mikopo ya benki ikapanda nayo. Mkulima wa Trans Nzoia aliyekopa ili anunue mbolea alijikuta akingoja malipo ya mahindi aliyopeleka kwa Bodi ya Nafaka na Mazao huku riba ikihesabiwa kila mwezi. Katika miaka ya 2000 benki ziliwageukia walimu na watumishi wa umma kwa mikopo isiyo na dhamana ya mali, inayokatwa kwenye mshahara. Mtu alipostaafu au kuacha kazi, makato yalikoma. Deni likabaki.

Benki nazo hazikukaa zilivyokuwa. NIC na CBA ziliungana mwaka wa 2019 na kuwa NCBA, na Barclays ikawa Absa mwaka wa 2020. Hata benki iliyoanguka haifi na madeni yake. Hukusanywa na shirika la umma la bima ya amana, KDIC. Kwa hivyo mtu anaweza kudaiwa leo kwa niaba ya benki ambayo hakuwahi kuingia mlangoni mwake. Isitoshe, benki inapofuta mkopo mbaya vitabuni mwake haimsamehi mkopaji. Hukabidhi jina lake kwa wakala, na malipo ya wakala kwa kawaida ni fungu la kile atakachofaulu kukusanya. Hapo ndipo bidii ya zile simu inapotoka.

Sasa turejee kwenye umri. Sheria ya Kenya ya ukomo wa mashtaka, Sura ya 22, inampa mdai wa deni la mkataba muda wa miaka 6 kwenda mahakamani, kuanzia siku haki yake ya kudai ilipozaliwa. Muda huo ukipita bila kesi, deni halifutiki katika dhamiri wala katika vitabu vya benki, lakini mdaiwa huwa na ngao mbele ya hakimu. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyeacha kulipa mkopo usio na dhamana mwaka wa 2009. Kama hakushtakiwa, na kama hakulipa wala kukiri chochote baadaye, muda wa kumshtaki uliisha mwaka wa 2015.

Ni hapo penye mtego. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 23, inasema kwamba mdaiwa akikiri deni au akilipa sehemu yake, haki ya kudai huhesabiwa kuwa imezaliwa siku hiyo. Ukiri, ili uwe na nguvu, sharti uwe wa maandishi na utiwe sahihi. Malipo hayahitaji maneno. Basi wakala anaposema kwa sauti ya upole, "Tuma hata mia tano tu leo, mzee, kuonyesha nia njema," huenda haombi shilingi mia tano. Huenda anaomba miaka 6 mipya. Mzee hutuma, akidhani amenunua utulivu, kumbe amempa wakili wa benki hoja ambayo hakuwa nayo asubuhi ile.

Wapo watakaosema ni ujanja kujificha nyuma ya kalenda. Sikubaliani nao kikamilifu. Benki ina mawakili, ina kompyuta, ina tarehe zote. Miaka 6 inaitosha. Mkopaji ndiye aliyepoteza stakabadhi kwenye nyumba iliyovuja mvua, na ndiye asiyeweza tena kuthibitisha kwamba alilipa awamu tatu za mwisho kaunta.

Lakini ngao hii ina sharti ambalo limewaponza wengi. Mahakama haimvalishi mtu ngao asiyoiomba. Kanuni za mashtaka ya madai zinamtaka mshtakiwa aitaje sheria ya ukomo katika utetezi wake wa maandishi. Anayepokea samansi kutoka mahakama ya Kitale, akaikunja na kuiweka chini ya godoro kwa imani kwamba deni limezeeka, anaweza kuhukumiwa bila kusikizwa. Na hukumu ina maisha yake: inaweza kutekelezwa kwa miaka 12. Simu ya wakala unaweza kuikata. Samansi ya mahakama usiikate.

Jambo la pili ni hesabu yenyewe. Tangu Mei 1, 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kimeweka mpaka wa kile ambacho benki inaweza kudai. Mkopo ukiacha kulipwa hadi ukaitwa mbaya, riba inayoongezwa baada ya hapo haiwezi kuzidi salio la mkopo lililokuwapo siku hiyo. Aliyekuwa amebakisha Sh120,000 hawezi kudaiwa zaidi ya Sh240,000, ukiacha gharama za kufuatilia deni. Anayetajiwa Sh600,000 ana haki ya kuuliza hizo nyingine zimetoka wapi, na "gharama" ni neno linalopaswa kuandamana na risiti.

Kwa mikopo iliyoharibika kabla ya 2007 hesabu ni tofauti, na haina huruma sana. Msingi wake ni mkopo pamoja na riba iliyokuwa imelimbikizana kufikia siku sheria hiyo ilipoanza kutumika, na kiasi hicho ndicho kinachoweza kuongezeka hadi maradufu. Mkulima aliyebebeshwa riba ya miaka ya tisini basi hakupata afueni aliyoitarajia. Hata hivyo, mpaka upo, na Mahakama ya Rufaa iliueleza mwaka wa 2019 katika kesi ya Kenya Hotels dhidi ya Oriental Commercial Bank: lengo lake ni kuzuia riba isimfungie mkopaji njia ya kuikomboa mali aliyoweka rehani.

Kuhusu ardhi, tahadhari inahitajika zaidi. Mkopo uliowekewa hatimiliki kama dhamana haufuati ule muda wa miaka 6. Mdai ana miaka 12. Lakini hata hapo, aliyepiga simu hawezi kuja Jumamosi na mnunuzi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mkopaji apewe notisi ya angalau miezi mitatu kurekebisha mambo, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya mauzo. Dalali naye, ambaye lazima awe na leseni chini ya sheria ya 1996, hutoa notisi yake ya siku 45. Na kama mali haikuwekwa rehani, hakuna wa kubeba kochi wala kufungua zizi la ng'ombe bila amri ya mahakama. Polisi hawana kazi katika mkopo wa benki uliochukuliwa kihalali. Kifungo cha madai kipo katika sheria zetu, lakini hutanguliwa na hukumu, na mdaiwa huitwa kwanza ajieleze kwa nini asifungwe.

Wajane hustahili aya yao wenyewe, kwa maana huwa shabaha rahisi. Mume amefariki, simu yake imebaki kwa mkewe, na wakala anamwambia mama kwamba deni sasa ni lake. Si lake. Deni la marehemu hulipwa kutoka kwa mali aliyoacha, kabla ya warithi kugawana. Mjane au mwana hutoa mfukoni mwake tu iwapo naye alitia sahihi kama mdhamini au mkopaji mwenza.

Ajabu ni kwamba mkopaji wa simu, yule wa shilingi elfu mbili, ana ulinzi ulioandikwa waziwazi kuliko mwalimu wetu wa 2009. Kanuni za Benki Kuu za mwaka wa 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zilikataza vitisho, matusi na tabia ya kuwapigia marafiki wa mdaiwa. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Kulinda Data, Bi Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia nambari za watu na kuwatumia jumbe za vitisho. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haibagui mkopo wa programu na mkopo wa kaunta, kwa hivyo mkazi wa Matisi ambaye jirani yake amepigiwa simu kuhusu deni lake anaweza kupeleka malalamiko katika afisi hiyo. Ni wachache wanaojua.

Benki zina upande wao, nao si wa kupuuzwa. Fedha zinazokopeshwa ni akiba za watu wengine, wakiwamo wenye akaunti ndogo humo humo Kitale, na mkopo usiolipwa hulipiwa na anayekopa kesho kwa riba ya juu. Anayeweza kulipa na alipe. Lakini aanze kwa kuomba barua ya benki inayomruhusu wakala kudai, taarifa kamili ya akaunti, na tarehe ya malipo ya mwisho. Asitume pesa kwa nambari ya mtu binafsi. Wakikubaliana kiasi cha kumaliza deni, benki yenyewe iandike kwamba hayo ndiyo malipo ya mwisho na kwamba rekodi yake katika CRB itarekebishwa, na barua hiyo itangulie pesa. Maafikiano ya mdomo na wakala ambaye mwezi ujao atakuwa ameacha kazi hayana thamani.

Dalali ana bodi ya leseni ambayo mwananchi anaweza kumshtakia. Mpiga simu za madeni hana bodi ya namna hiyo. Bunge limeyashughulikia madeni ya programu za simu na kuyaacha ya benki kwa nidhamu ya benki zenyewe. Kama wabunge wanatafuta pa kuanzia, wasihangaike na mswada mrefu. Kifungu kimoja kingetosha kwa sasa: kila wakala, katika ujumbe wa kwanza anaomtumia mdaiwa, aandike tarehe ambayo deni lilianza kutolipwa na kiasi kilichokuwapo siku hiyo.