Maradhi Yanayoongeza na Yanayoharibu: Deni la Kiswahili katika Chumba cha Eksirei

Ni jambo lisilopingika kwamba Kiswahili kimepiga hatua kubwa katika uundaji wa istilahi. Kamusi za kitaaluma zilizotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kama vile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003, ni ushahidi tosha. Hata hivyo, istilahi huweza kuwamo kamusini na bado isimfikishie msikilizaji maana. Uwanja mmoja unaodhihirisha hali hii ni ule wa eksirei, ambamo wataalamu huyagawa maradhi katika makundi mawili kwa kutazama yanavyozibadilisha tishu za mwili: yale yanayoongeza na yale yanayoharibu. Makala haya yanashikilia kuwa mgawanyo huu ukitafsiriwa neno kwa neno humpotosha mgonjwa, na kwamba Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa ni mahali ambapo upotoshaji huo una gharama.

Kwanza, ni vyema kueleza msingi wenyewe. Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua miale hii mwaka 1895 aliipa jina la herufi X kwa sababu hakujua asili yake. Siri ya picha yake ni nyepesi. Miale hupita mwilini, na kila tishu huizuia kwa kiwango chake. Mfupa, wenye kalsiamu nyingi, huizuia sana, kwa hiyo huonekana mweupe. Pafu lililojaa hewa huipitisha kwa urahisi, kwa hiyo huonekana jeusi. Ugonjwa ukiingia, mizani hii hubadilika. Nimonia hujaza majimaji mahali palipokuwa na hewa, na sehemu hiyo ya pafu hugeuka nyeupe. Maji yakikusanyika kifuani nje ya pafu, matokeo ni hayo hayo. Kinyume chake, mifupa ya mzee inayopungua madini hufifia pichani, na saratani ya uboho huacha vitundu vyeusi mfupani.

Kwa mpiga picha, mgawanyo huu si nadharia tupu. Tishu iliyozidi kuwa nzito huhitaji miale yenye nguvu zaidi ili ipenyeke, na tishu iliyopungua huhitaji miale hafifu zaidi. Akikosea upande wa kwanza, hapati picha ya kufaa. Akikosea upande wa pili, picha huungua na mgonjwa hupigwa miale asiyoihitaji. Mitambo ya kidijitali ya leo huweza kuirekebisha picha ikapendeza hata pale miale ilipozidi, jambo ambalo huficha kosa bila kuliondoa.

Tatizo la lugha huanzia hapa. Neno 'kuharibu' ni hukumu, hali fundi wa eksirei alikusudia kipimo tu. Yeye hasemi kwamba kundi moja la maradhi lina madhara na jingine halina; anasema kwamba kundi moja huongeza uzuiaji wa miale na jingine huupunguza. Mswahili asikiapo kuwa ugonjwa fulani 'unaharibu' na mwingine 'unaongeza', hudhani wa pili una nafuu. Isitoshe, maneno ya kila siku huweza kuelekea upande uliopingana na picha. Katika emfisema, ugonjwa unaowapata zaidi wavuta tumbaku, kuta za vifuko vya hewa hubomoka na hewa hunaswa ndani. Mgonjwa huambiwa kuwa pafu 'limejaa' hewa. Neno 'kujaa' lingemfanya mwanafunzi aliweke gonjwa hilo katika kundi la kuongeza, ilhali tishu imepungua na picha imezidi weusi.

Mfano ulio mzito kuliko yote unapatikana Nakuru kwenyewe. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na maji ya visima vingi vilivyochimbwa humo huibeba. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Katika Ziwa Nakuru, ambalo maji yake hayanyweki, kimewahi kuripotiwa kiwango cha miligramu 2,800 kwa lita. Meno yenye madoa ya kahawia ni alama inayotambulika kwa urahisi katika eneo hilo. Lakini floraidi haikomei menoni. Mtu akiinywa kwa wingi miaka na miaka, hujilimbikiza mifupani. Uti wa mgongo, nyonga na mbavu huzidi uzito, kano hugeuka ngumu kama mfupa, viungo hukakamaa na mgongo hushindwa kupinda. Pichani mifupa hiyo hung'aa kwa weupe. Kwa fundi wa eksirei, huo ni ugonjwa wa kuongeza bila shaka yoyote.

Je, mkulima wa Njoro au Elementaita ataambiwaje? Akielezwa kuwa mfupa wake 'umeongezeka' au 'umekuwa mgumu', ana haki ya kufurahi, kwa kuwa katika Kiswahili mifupa migumu ni sifa ya mtu mwenye afya. Ukweli ni kwamba mfupa huo, pamoja na uzito wake wote, ni mwepesi kuvunjika. Ajabu zaidi, floraidi hiyo hiyo ikimpata mtoto ambaye meno yake bado yanaumbika ndani ya fizi, huyapunguzia madini, na tabaka la nje la jino hutoka na vinyweleo. Kitu kimoja, katika mwili mmoja, kimeongeza huku na kupunguza kule. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa si kila king'aacho ni dhahabu.

Wapo watakaopinga kuwa juhudi hizi ni bure maadamu wapiga picha wa Kenya husomea kazi yao kwa Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini inamsahau mtu wa pili katika chumba kile. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Lugha hiyo haiwezi kubuniwa papo hapo na muuguzi aliyechoka mbele ya foleni ndefu. Sharti iwe imekwisha kuandaliwa.

Kwa hiyo, pendekezo ni mambo mawili. Kwanza, jozi ya 'kuongeza' na 'kuharibu' iachwe, na badala yake zitumike 'ongezi' na 'punguzi', ambazo zinatokana na vitenzi vinavyokabiliana na hazibebi hukumu ya wema wala ubaya. Pili, sifa hizo zisipewe ugonjwa bali athari yake. Kifua kikuu kinaonyesha sababu: katika pafu lile lile huleta mabaka meupe na pia mashimo meusi. Saratani ya tezidume ikienea mifupani aghalabu huiongezea uzito, na saratani nyingine huitoboa. Tukisema 'athari ongezi kwenye uti wa mgongo' au 'athari punguzi kwenye pafu la kulia', tunataja kilichobadilika na mahali kilipobadilika. Baada ya hapo, mgonjwa aambiwe waziwazi: mfupa umekuwa mzito lakini umedhoofika.

Jimbo Katoliki la Nakuru limekuwa likisambaza vichujio vya maji vyenye punje za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mfupa hunasa floraidi ndani ya kichujio kwa sababu ile ile inayoufanya uinase ndani ya mwili. Anayeelewa hivyo haoni tena kichujio kama mzigo. Anaona mfupa wa ng'ombe ukibeba kile ambacho mfupa wa mwanawe ungekibeba. Maelezo hayo yote yanawezekana kwa Kiswahili. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, hasa wale wa Chuo Kikuu cha Egerton walio Njoro, kuketi na wapiga picha wa hospitali za jirani na kuzipima istilahi hizi mbele ya wagonjwa kabla ya kuzitia kamusini. Istilahi ya tiba isiyoeleweka na mgonjwa haijakamilika.