Kompyuta Imelala, Vifaa Viko Macho

Juma hili twamjibu dada yetu wa Rongai: Rongai ya Nakuru, si ile ya jirani na Nairobi. Nyumbani kwake ana chumba cha kuchapia barua na kutoa nakala, na umeme hulipia kwa tokeni. Auliza: mbona akishaizima kompyuta usiku, taa ya kipanya yaendelea kuwaka, spika zavuma na printa yabaki macho? Je, vyaweza kuzimika vyenyewe?

Vyaweza, ila si vyote kwa njia moja.

Kompyuta ya mezani ikizimwa haikatiki umeme kabisa. Maadamu swichi ya ukutani imewashwa, ndani yake hubaki volti 5 za akiba, na bodi nyingi huzifikisha hadi kwenye matundu ya USB. Ndizo zinazowasha kipanya. Dawa yake imo katika BIOS: wakati kompyuta inawaka, bonyeza Delete au F2 mara kadhaa, uingie sehemu ya umeme, utafute neno ErP na uliwashe. Jina hilo lina asili ya kanuni za Umoja wa Ulaya, ambazo tangu 2013 zataka vifaa vya nyumbani na vya ofisini visile zaidi ya nusu wati vikiwa vimezimwa. Fahamu tu kwamba baada ya hapo hutaweza kuiamsha kompyuta kwa kibodi.

Spika na skrini zenye plagi zao haziisikii BIOS. Hizo zahitaji ekstensheni yenye soketi moja kiongozi: kompyuta huchomekwa hapo, na umeme wake ukishuka, soketi zilizobaki hujikata. Nunua yenye plagi ya pini tatu za mraba kama zetu, na usome uwezo wake kabla ya kulipa. Asiyeipata, swichi ya ukutani ingalipo, wala haina gharama.

Faida ni ipi? Vifaa vinavyokula wati 5 bure kwa saa 16 kila siku humaliza uniti 29 kwa mwaka. Si nyingi, lakini ni israfu. Na umeme ukikatika usiku kisha ukarudi kwa kishindo, kilichokatwa hakidhuriki.

Printa ya wino ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwani hapa wengi huharibu. Ikizimwa kwa kitufe chake, hurudisha kichwa cha wino mahali pake na kukifunika. Ikikatwa umeme ghafla katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi, wino hukauka, na gharama ya kukisafisha au kukibadilisha huzidi tokeni za mwaka mzima. Kwa hiyo, dada, isiiweke kwenye zile soketi zinazojikata. Ipe soketi yake, kisha tazama katika mipangilio yake: nyingi za siku hizi zina amri ya kujizima zenyewe baada ya muda uutakao, nazo hukifunika kichwa kwanza.