Asilimia 100 ya Nini?

Umeme unapokatika katika kituo cha afya, macho ya wahudumu huelekea kwanza kwenye jokofu la chanjo, na ni sawa iwe hivyo. Ni wachache wanaoikumbuka kompyuta mpakato iliyo kwenye meza ya mapokezi, ilhali ndani yake mna kumbukumbu za mama aliyetoka nyumbani alfajiri: majibu ya vipimo vyake, dawa alizoanzishwa na tarehe zake za kurudi. Baada ya dakika ishirini kioo huwa cheusi, na mama huambiwa kwamba mfumo umezima, arudi kesho. Nauli ya kesho ataitafuta mwenyewe.

Ajabu ni kwamba asubuhi ile ile kompyuta ilionyesha betri imejaa asilimia 100. Haikusema uongo. Hesabu hiyo hufanywa kwa kiasi ambacho betri inaweza kubeba sasa, si kwa kiasi ilichobeba ilipokuwa mpya. Betri ya wati-saa 50, ikiilisha kompyuta inayotumia wati 10, hudumu saa 5. Ikichakaa ikabakiza uwezo wa wati-saa 20, hudumu saa 2 tu, na kila asubuhi bado huandika 100. Daktari haamui hali ya figo kwa kumtazama mgonjwa usoni, huagiza kipimo. Kipimo cha betri nacho kipo, tena bila malipo. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti yenye uwezo wa awali na uwezo wa sasa. Katika Linux, upower huonyesha hayo hayo. Katika macOS, afya ya betri imo kwenye mipangilio.

Mafundi wa kompyuta hupenda kubishana ni mfumo endeshi upi unaotunza chaji zaidi. Ubishi huo una msingi, kwa kuwa mashine ile ile yaweza kudumu muda tofauti chini ya Windows na chini ya Linux, kutegemea jinsi mfumo unavyojua kuzipumzisha sehemu zisizo kazini. Lakini hakuna mfumo unaoirudishia ujana betri iliyokwisha kuchakaa kikemia. Betri za lithiamu huzeeshwa upesi na mambo mawili yakikutana: kujazwa pomoni muda wote, na joto. Kompyuta ya mapokezi hupata yote mawili, imechomekwa usiku na mchana kando ya dirisha la jua.

Mashine nyingi za sasa huruhusu chaji ikomee asilimia 80. Msimamizi wa kituo atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini ajinyime akiba mahali ambapo umeme hukatika. Penye jenereta au sola ya kuaminika, kikomo cha 80 kinafaa. Penye makatizo marefu ya mara kwa mara, betri na ijazwe, gharama ya kuizeesha ikubaliwe, na fedha ya betri mpya iwekwe kwenye bajeti mapema. Kosa ni kuacha uamuzi huo ufanywe na mipangilio ya kiwandani.

Huduma za mkoba zina shida yake. Muuguzi hufunika kompyuta akidhani imelala, kumbe mashine nyingi mpya za Windows hulala jicho moja wazi: ndani ya begi huendelea na shughuli ndogo ndogo, hupata joto, na hufika kijijini chaji imekwisha. Afadhali iwekwe katika hali ya kuhifadhi kazi kwenye diski na kujizima kabisa. Katika Linux hali hiyo mara nyingi haijawashwa, hivyo ni salama zaidi kuizima mashine yenyewe.

Kompyuta hiyo iingizwe kwenye daftari la matengenezo ya vifaa tiba, karibu na mashine ya kupimia shinikizo la damu, na uwezo wa betri yake uandikwe kila miezi mitatu na mtu anayejulikana kwa jina. Mgonjwa naye aendelee kudai kadi yake iandikwe kwa kalamu, hata mfumo ukiwa unafanya kazi. Betri iliyovimba haisubiri miezi mitatu: kompyuta izimwe, ichomolewe, isitobolewe wala kukandamizwa, na fundi aitwe siku hiyo hiyo.