Nani ameona, wapi, saa ngapi?

KANDO YA ZIWA
Na Mapendo Safi

Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, sauti za WhatsApp ziliingia Kilibula, mtaa wa Uvira, usiku na mchana: waasi wameshafika Uvira. Makumi ya maelfu ya watu wa mji na Bonde la Ruzizi walivuka kwenda Burundi, wengine wakipita ndani ya mto wenyewe. M23 iliingia Uvira tarehe 10 Desemba, karibu miezi kumi baadaye.

Simlaumu aliyekimbia. Askari wa serikali waliorudi nyuma walikuwa wakipora, na risasi zililia mjini kweli. Uongo unaotushinda huwa umepanda mgongoni mwa jambo la kweli. Kwa hiyo kumwambia mama mwenye watoto "usiamini kila kitu" hakumsaidii. Anahitaji kujua aulize nini.

Amuulize aliyetuma: ni wewe umeona, ao umeambiwa? Mahali gani? Tarehe gani? Sauti inayosema "leo asubuhi" bila tarehe, ikirushwa tena wiki ijayo, bado itasema "leo asubuhi". Ujumbe wenye mishale miwili juu yake umeshapita kwenye mazungumzo matano au zaidi, basi shemeji aliyekuletea si shahidi, hata kama ni mtu mwema.

Picha nazo zina ushahidi wake. Uvira imebanwa kati ya milima na ziwa. Picha ya "Uvira" yenye tambarare pande zote ina maswali ya kujibu. Picha za mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 zingali kwenye simu zetu, na mvua kubwa ikinyesha ni rahisi mtu kuzirusha kama za jana. Google Lens huonyesha kama picha imewahi kutokea mahali pengine. Najua, mega za intaneti ni ghali, na ndiyo maana wengi tunarusha kichwa cha habari bila kuifungua habari yenyewe. Lakini kumpigia ndugu aliyeko Sange au Luvungi, huko bondeni, ni dakika moja tu, na Radio Okapi inasikika bila mega.

Wenye grupu ndio ninaowadai zaidi, za kanisa, za avenue, za likelemba. Sauti isiyo na jina, mahali wala tarehe, ifuteni, kisha mwambieni aliyeituma sababu, humo humo kwenye grupu, wote wasome.