KITABU HAKIMFUKUZI ROHO MTAKATIFU

Leo sikuja kubembeleza mtu. Soma mpaka mwisho, ndipo unijibu.

Juma hili dada mmoja aliuliza swali kwenye kundi letu la WhatsApp. Alijiunga nasi miezi michache iliyopita. Huko alikotoka, hospitali ni dhambi, redio ni dhambi, na kitabu chochote kisicho Biblia ni mlango wa shetani. Sasa alikuwa amefungua kitabu cha sayansi cha mwanawe, akasoma kwamba mwanga wa nyota nyingine husafiri maelfu ya miaka kabla ya kutufikia. Akauliza: "Basi Mwanzo sura ya kwanza tuisomeje?" Swali safi kabisa. Lakini kabla sijaandika hata mstari, majibu yalikuwa yamejaa. Mmoja akaandika, "Shindwa!" Mwingine akasema hiyo ni roho ya Misri, dada anarudi nyuma. Wa tatu akamtumia picha ya moto. Saa moja baadaye dada alikuwa ametoka kundini.

Nasema na ninyi mliomjibu hivyo, na kila mtu anayefikiri kama ninyi. Mlidhani mnailinda imani. Mlichofanya ni kumalizia kazi ya wale aliowakimbia.

Mtu aliyetoka kwenye dini ya makatazo akianza kusoma na kuuliza, huo si ugonjwa wa kukemewa. Huko ndiko kupona kwenyewe. Soma habari za Lazaro, Yohana 11. Alitoka kaburini mzima, lakini mikono na miguu ilikuwa bado imefungwa sanda, na uso umefunikwa. Yesu aliyemfufua angeweza kuzifungua sanda zile kwa neno moja. Hakufanya hivyo. Aliwapa kazi hiyo watu waliosimama pale: wamfungue, wamwache aende zake. Ndiyo kazi yetu hiyo, mpendwa. Wewe unamwona Lazaro ametoa mkono mmoja nje ya sanda, unakimbia kuleta kamba!

Najua mnachosema. Tuyaangalie maneno yenu moja baada ya jingine, Biblia ikiwa mkononi.

Mnasema, "Imeandikwa tusizitegemee akili zetu wenyewe." Kweli, Mithali 3:5. Lakini kutotegemea fimbo peke yake si kuitupa fimbo. Bwana Yesu alipotaja amri iliyo kuu, Mathayo 22:37, aliiweka akili pamoja na moyo na roho katika vitu vya kumpendea Mungu. Tena angalia vizuri: mstari huo wa Mithali unakukataza kuzitegemea akili zako. Hausemi popote uzitegemee akili za pasta.

Mnasema, "Elimu huleta majivuno." Kweli, 1 Wakorintho 8. Aliyeandika hayo ni Paulo, aliyesomea miguuni pa Gamalieli, na aliyewanukuu washairi wa Wayunani mbele ya wasomi wa Athene, Matendo 17:28. Ukitaka kunukuu, lazima uwe umesoma au umesikiliza. Na alipokuwa mfungwa akijua kifo kimekaribia, alimwagiza Timotheo mambo ya ajabu kidogo, 2 Timotheo 4:13: alete joho lililobaki Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mzee anakaribia kuuawa, baridi inamchoma, na bado anataka vitabu vyake! Paulo hakuwakemea Wakorintho kwa kujua. Aliwakemea kwa kujua bila kumhurumia ndugu dhaifu. Sasa niambieni, juma hili ni nani aliyekosa huruma? Ni yule aliyeuliza, ama ni ninyi mliojibu?

Mnasema, "Waefeso waliokoka wakachoma vitabu." Matendo 19:19. Walichoma vitabu vyao wenyewe vya uganga, kwa hiari yao wenyewe, na thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Hakuna mtume aliyeingia nyumba ya mtu kumpokonya kitabu. Usichukue moto wa mganga kuchomea kitabu cha sayansi cha darasa la sita.

Mnasema, "Mtu wa Mungu anajitenga." Amina, anajitenga. Danieli alijitenga. Lakini fungua Danieli 1 usome alijitenga na nini. Alikataa chakula cha mfalme. Maandiko na lugha ya Wakaldayo aliyasoma miaka mitatu, na mstari wa 17 unasema ni Mungu mwenyewe aliyewapa wale vijana wanne ujuzi katika elimu ile yote. Danieli alikataa sahani, hakukataa kitabu. Sisi tumegeuza mambo. Sahani hatuikatai, hata iwe ya harambee ya mwanasiasa tunayemjua vizuri. Kitabu ndicho tunachokemea.

Halafu mnasahau sisi ni nani na tumetoka wapi.

Ukiwauliza wazee kule Kati, watakwambia Wakristo wa kwanza katika Wagikuyu waliitwa athomi, yaani wasomaji. Jina lao lilikuwa hilo. Kuokoka na kushika kitabu vilikwenda pamoja hata watu hawakuona haja ya majina mawili.

Na sisi Wapentekoste? Mwishoni mwa mwaka 1900, huko Topeka, Kansas, Marekani, Charles Parham aliwapa wanafunzi wake wa shule ya Biblia swali la kuchunguza: Maandiko yanataja ishara gani ya mtu kubatizwa katika Roho Mtakatifu? Wakaenda kusoma. Siku ya kwanza ya Januari 1901, mwanafunzi mmoja, Agnes Ozman, akaombewa akanena kwa lugha. Baadaye Parham alifundisha Houston, na William Seymour, mtu mweusi, hakuruhusiwa kuketi darasani pamoja na wazungu. Alisikiliza masomo akiwa nje ya mlango. Mwaka 1906 mtu huyohuyo wa mlangoni ndiye aliyeongoza uamsho wa Azusa Street, Los Angeles. Basi kabla hujamwambia dada "shindwa", kumbuka kwamba moto unaojivunia uliwashwa na watu waliopewa swali wakafungua kitabu, na ulibebwa na mtu aliyetaka kujifunza hata akavumilia kukaa nje.

Sasa tuje nyumbani, na hapa sitacheka.

Kaunti ya Kilifi ina Rabai. Hapo ndipo Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipoweka kituo chao cha misheni mwaka 1846. Krapf alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga Mombasa mwaka 1844. Hakukata tamaa. Aliketi na watu wa pwani, akauliza neno moja moja, akaandika sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake ikachapwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki. Injili ilipofika pwani yetu ilikuja na kalamu, na mtu wa kuuliza, "Hiki mnakiitaje?"

Kaunti hiyohiyo ya Kilifi ina msitu wa Shakahola. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa humo, na kabla kazi haijaisha miili ilikuwa imepita 400, ikiwamo mingi ya watoto. Kesi ziko mahakamani na mahakama zina kazi yake. Lakini sisi wa kanisa tuna somo letu, na tusijifanye hatulioni. Watu wale hawakuanza kwa kukatazwa chakula. Walianza kwa kuambiwa shule si ya Mungu. Wakaambiwa hospitali si ya Mungu. Mtu aliyekubali kufunga kitabu cha mwanawe, kisha akakubali kutupa dawa za mwanawe, ukimwambia amnyime uji atauliza nini? Swali lilikuwa limekufa zamani. Mwili ulifuata tu.

Ndiyo sababu sitanyamaza mtu akizimwa kwa kuuliza, hata kama anazimwa na watu wanaonena kwa lugha vizuri kuliko mimi.

Sasa nirudi kwako wewe uliyetoka. Pengine unanisoma usiku, simu umeificha chini ya blanketi, kwa sababu hata kunisoma mimi uliambiwa ni dhambi. Wewe siku hizi kila jambo dogo linakuwa mtihani. Utasuka nywele? Utavaa suruali ya kwenda shambani? Mtoto akipatwa na homa utampeleka kliniki ama utangoja? Mtu aliyeamuliwa kila kitu kwa miaka 20 anasimama dukani mbele ya aina mbili za sabuni na jasho linamtoka. Hilo halionyeshi kwamba imani yako ni ndogo. Mguu uliokaa kwenye plasta huuma siku ya kwanza ya kutembea.

Sikiliza haya machache.

Kwanza, ile hofu inayokukaba tumboni ukifungua kitabu, usikimbilie kuiita sauti ya Roho Mtakatifu. Roho huhukumu dhambi, na humwonyesha mtu dhambi yenyewe ni ipi. Hofu uliyofundishwa haitaji kitu, inakutetemesha tu. Ijaribu. Iulize, "Nimekosa nini hasa?" Ikikosa jibu, endelea kusoma.

Pili, anza na Injili ya Marko, sura zote 16, kwa siku moja ukiweza, bila mtu wa kukukatia mistari. Wengi waliotoka huko mnaijua mistari 50 kwa moyo na hamjawahi kusoma kitabu kimoja cha Biblia toka mwanzo mpaka mwisho. Utashangaa Yesu alivyo.

Tatu, usiishie hapo. Soma gazeti. Soma kitabu cha historia ya Kenya. Soma riwaya ya Kiswahili. Soma karatasi inayokuja ndani ya pakiti ya dawa. Huna pesa? Nenda maktaba ya umma iliyo karibu nawe, au tafuta vile vitabu vya "inama" vinavyotandazwa kando ya barabara mjini, ambavyo lazima uiname kuvichagua. Vingine vitakuwa vibaya. Kitabu kibaya kina dawa rahisi: unakifunga. Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, 5:21, unatuagiza tujaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Huwezi kujaribu usichokigusa.

Nne, meza dawa zako. Luka alikuwa tabibu, Wakolosai 4:14, na Paulo alimwita mpendwa. Timotheo alipougua tumbo mara kwa mara, Paulo hakumwambia aongeze imani. Alimwambia cha kunywa.

Tano, mtoto wako ana haki ya kwenda shule. Katiba yetu, kifungu cha 53, inasema hivyo. Keti naye jioni akisoma. Asipoelewa, mwelewesheni pamoja na mwalimu wake. Bwana wetu akiwa na miaka 12 alikutwa hekaluni kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali, Luka 2:46. Maria alimtafuta siku tatu, na alimkuta anauliza.

Na nyinyi wenyeji wa kanisa, nisikieni. Mgeni wa namna hii akija, usimpe orodha mpya ya makatazo, hata kama ni fupi kuliko ile ya kwanza. Usimburute madhabahuni Jumapili ya pili atoe ushuhuda ili tupige makofi. Akikuuliza jambo usilolijua, sema "sijui, tutafute." Neno "sijui" halijawahi kumwangusha mtumishi wa Mungu. Kujifanya unajua kumewaangusha wengi.

Mtu ataniuliza, "Pasta, na akisoma mpaka akaiacha imani?" Inatokea, siwafichi. Wengine husoma wakaondoka. Lakini waangalie wanaoondoka. Wengi wao waliuliza kwanza hapa ndani wakafukuzwa na swali lao, wakalipeleka kwa mtu wa nje aliyekuwa na subira ya kuwasikiliza. Tomaso alikataa ushuhuda wa mitume kumi. Kumi! Yohana 20:26 inasema baada ya siku nane wanafunzi walikuwa tena ndani, na Tomaso pamoja nao. Siku nane zote hakuna aliyemtoa chumbani. Hakuna aliyemwambia ana roho chafu. Wangemfukuza, Yesu alipokuja angemkosa hapo, na ile sauti ya "Bwana wangu na Mungu wangu" isingesikika chumbani mle. Kumbuka pia kwamba Yesu alipokuja hakumpiga kofi. Alimwonyesha mikono.

Waberoya walimpima Paulo mwenyewe kwa Maandiko kila siku, Matendo 17:11, na Biblia ikawasifu. Basi nipimeni na mimi. Jumapili njooni na Biblia, kalamu na daftari. Nikisema jambo lisilo na andiko, nifuateni baada ya ibada mniulize. Mtumishi anayekataa kuulizwa, mkimbieni mapema, hata kama anafanya miujiza.

Na nyinyi watatu mliomjibu dada: namba yake mnayo. Mpigieni simu leo, kabla jua halijatua. Msimpigie kumhubiria. Mwombeni msamaha, kisha mumwulize amefika ukurasa wa ngapi.

Mungu awabariki. Leo hapa chini usiniandikie "Amina." Niandikie swali lako.