Lami Tunaiona, Mkataba Hatuuoni



Ashukaye kwenye matatu pale Kamakis, Ruiru, jioni ya Jumamosi, hulakiwa na moshi wa nyama choma kabla hajavuka barabara. Mji huu mdogo ni mtoto wa barabara. Eastern Bypass, itokayo Mombasa Road, hufika hapa ikielekea kuungana na Barabara Kuu ya Thika, na magari yalipoongezeka, mabucha na nyumba za kupangisha zilifuata. Hatutasema kwamba lami hii ni balaa. Tunaitumia sote, na tunaishukuru mikono iliyoimwaga. Lakini wajibu wetu ni kuuliza: nani aliijenga, kwa fedha za nani, na kwa masharti gani?

Eastern Bypass ya kwanza ilijengwa na China Road and Bridge Corporation, yaani CRBC, shirika la dola ya China lililoundwa mwaka 1979 na kuingia Kenya mwaka 1984. Kwa miaka mingi lilikuwa mwanakandarasi mmoja miongoni mwa wengi. Kisha likakua. Lilijenga Southern Bypass. Lilijenga reli ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa Mei 2017 kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 327. Lilijenga Nairobi Expressway, kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo wapitao hulipia ada. Upanuzi wa Eastern Bypass, takriban kilomita 28 kwa shilingi bilioni 12.5, ulipoanza mwaka 2021, kazi ilipewa kampuni mama ya shirika hilo hilo, CCCC.

Kampuni hukua namna hii kwa njia gani? Ujuzi na mitambo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba huingia mlangoni ikiwa imeshikana mkono na mkopo. Benki ya Exim ya China ikopeshapo, hutaka kazi ifanywe na mwanakandarasi wa China. Hapo mashindano ya zabuni hupoteza nguvu, kwa kuwa mkopeshaji ameshachagua.

Tusidhani kwamba suala ni utaifa. Barabara Kuu ya Thika, kilomita 50, iliyofunguliwa mwaka 2012, iligawanywa sehemu tatu na kujengwa na kampuni tatu, zote za China. Lakini sehemu mbili zilifadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambayo kanuni zake hudai zabuni ya wazi. Mgeni aliyeshinda mashindano hatuna ugomvi naye.

Je, sheria yasemaje? Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010 kinaamuru ununuzi wa umma uwe wa haki, wa uwazi, wa ushindani na wa gharama nafuu. Juni 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Shirika la Reli halikufuata sheria katika kandarasi ya SGR. Juni 2023 Mahakama ya Upeo ilitengua uamuzi huo, kwa hoja kwamba sheria ya ununuzi iliyotumika wakati huo iliruhusu masharti ya makubaliano ya mkopo kutangulia. Tunaiheshimu mahakama. Lakini uamuzi huo umetuonyesha ufa ulipo: mkopo unaweza kupita pale ambapo zabuni ingezuiwa.

Ufa huo si jambo dogo. Mwaka 2009 Benki ya Dunia iliifungia CRBC kwa miaka 8 isipewe kazi inazozifadhili, kwa sababu ya njama za zabuni za barabara nchini Ufilipino. Ikiwa bado kifungoni, ilipewa SGR hapa kwetu. Hatusemi kwamba yaliyotendeka Ufilipino yalitendeka Kenya. Tunasema kwamba pasipo ushindani, mwananchi hana kipimo cha kujua kama bei ni ya haki. Na mikataba ya mkopo ya mwaka 2014? Serikali ilianza kuionyesha umma Novemba 2022. Deni lilikuwa limelipwa kwa miaka kadhaa na watu wasiojua walichotiliwa sahihi.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, hatukupigania vyama vingi ili vipokezane makasi ya kukatia utepe. Tulipigania haki ya kuuliza. Haki hiyo sasa imeandikwa katika Kifungu cha 35, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na lijibiwe katika muda wa siku 21. Basi kila parokia, kila kikundi cha akina mama, kila chama cha wafanyabiashara wa Kamakis na kiandikie mamlaka ya barabara barua moja fupi: tuonyesheni mkataba wa Eastern Bypass, bei yake, masharti ya mkopo wake, na kazi iliyogawiwa Wakenya.

Wasomaji wa Biblia wajua kwamba Nehemia alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu, sura nzima iliandikwa ikitaja nani alijenga kipande kipi. Hakuna jiwe lililofichwa mwenyewe. Sisi twadai hesabu ya namna hiyo, na twaidai kabla ya sahihi kutiwa, si miaka minane baadaye.